MWILI SI MTAMBO: KAZI, MAPUMZIKO NA NYUMBA YA ASKARI

Katika kila kambi ya jeshi na kila kituo cha polisi kuna saa moja ya asubuhi inayofahamika vema na wake na watoto wa askari. Ni saa ambayo walinzi wa usiku hurudi na wale wa mchana hutoka. Mama amekwisha kuwasha sigiri, chai inachemka, na watoto wanatafuta madaftari yao. Baba anaingia, anaweka kofia juu ya meza na kuketi bila kuvua viatu. Mtoto mdogo anamkimbilia. Baba anamwambia, "Niache kwanza."

Hapo hakuna aliyekosa. Mtoto hajamwona baba yake tangu juzi, na baba hajalala tangu jana asubuhi. Lakini neno hilo dogo, likisemwa leo na kesho na mwezi mzima, hujenga ukuta ndani ya nyumba. Mke hujifunza kunyamaza, watoto hujifunza kupita pembeni, na baba mwenyewe hubaki akishangaa kwa nini nyumba aliyoifanyia kazi usiku na mchana imekuwa kama nyumba ya kupanga.

Hapana mtu mwenye akili anayeibeza kazi. Kazi ndiyo inayomlisha mtoto, ndiyo inayomheshimisha mzee, na kwa askari kazi ni kiapo. Hata hivyo wahenga, waliposema kwamba mchumia juani hulia kivulini, hawakusahau kukitaja kivuli. Anayechuma juani siku zote bila kukifikia kivuli chake huanguka na jembe mkononi, na aliowachumia hubaki na msiba. Makala haya yanaeleza jinsi kazi isiyo na mapumziko inavyouharibu mwili na nyumba, na yale yanayoweza kufanywa na watu ambao kazi yao haina kengele ya kufungia.

ULIMWENGU ULIVYOJIFUNZA KUHESABU SAA

Zamani za mwanzo wa viwanda huko Ulaya, wanaume, wanawake na hata watoto walifanya kazi kwa saa 12, 14 au zaidi kwa siku. Wenye viwanda waliamini kwamba mtambo ukizunguka muda mrefu zaidi hutoa mali nyingi zaidi, na kwamba mtu aliyesimama mbele ya mtambo ni sehemu yake. Wafanyakazi walipinga fikra hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1856 waashi wa mawe katika mji wa Melbourne, Australia, waliweka chini vyombo vyao na kuandamana, wakapata siku ya kazi ya saa 8. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wengi wa Marekani waligoma wakidai jambo hilo hilo, na damu iliyomwagika mjini Chicago siku chache baadaye ndiyo asili ya Sikukuu ya Wafanyakazi inayoadhimishwa kila mwaka.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Shirika la Kazi Duniani lilifanya mkutano wake wa kwanza mjini Washington mwaka 1919. Mkataba wa kwanza kabisa wa shirika hilo uliweka kipimo cha kazi za viwandani kuwa saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kati ya mambo yote ya wafanyakazi ambayo wajumbe wale wangeweza kuyatanguliza, walitanguliza hesabu ya saa. Walikuwa wametoka katika vita vilivyowafundisha thamani ya saa hizo kwa gharama kubwa.

FUNZO LA VIWANDA VYA MAKOMBORA

Funzo hilo linamfaa askari zaidi ya mtu mwingine yeyote. Mwaka 1915 jeshi la Uingereza lilikuwa na upungufu mkubwa wa makombora. Serikali ikaamuru viwanda vya silaha viongeze kazi. Watu walifanya kazi kwa saa 60, 70 na zaidi kwa juma, Jumapili zote zikiwamo. Wengi wao walikuwa wanawake ambao waume na kaka zao walikuwa mahandakini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba kombora moja pungufu huenda likawa sababu ya kifo cha mtu wa nyumbani kwake. Kama kuna mahali ambapo mtu angeweza kusema mapumziko ni anasa, palikuwa ni pale.

Lakini mwaka huo huo serikali hiyo iliunda kamati maalumu ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda hivyo. Wataalamu walikaa viwandani, wakahesabu vipande vilivyochongwa juma hata juma, wakalinganisha na saa zilizotumika. Waliyoyaona yaliwastaajabisha wengi. Saa za kazi zilipopunguzwa, mazao hayakupungua kama ilivyohofiwa, na mahali pengine yaliongezeka. Kazi ya Jumapili ilionekana kuwa hasara, kwa kuwa mtu aliyekosa siku moja ya kupumzika alipunguza kazi yake katika siku sita zilizofuata.

Takwimu zile zilihifadhiwa. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 2014, mtaalamu wa uchumi John Pencavel alizichambua upya kwa njia za kisasa. Aliona kwamba mpaka karibu saa 49 kwa juma, kila saa iliyoongezwa ilileta mazao yake kamili. Baada ya hapo kila saa ilileta kidogo kuliko ile iliyoitangulia. Wafanyakazi waliofanya kazi saa 70 kwa juma walitoa vitu vilivyozidi kidogo sana vile vya waliofanya kazi saa 56. Yaani saa 14 za jasho, za kukosa usingizi na kukosa watoto, zilipotea karibu bure.

WAYA MMOJA NA MANOWARI MBILI

Kuna kazi ambazo uchovu wake huonekana katika vipande vichache vilivyochongwa, na kuna kazi ambazo uchovu wake huonekana makaburini. Asubuhi ya tarehe 12 Desemba 1988, karibu na stesheni ya Clapham Junction mjini London, garimoshi lililojaa watu waliokuwa wakienda kazini liligonga jingine lililosimama mbele yake. Watu 35 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Taa ya ishara ilikuwa imemruhusu dereva kupita, hali njia haikuwa wazi.

Uchunguzi wa serikali ulifuatilia kosa hilo mpaka kwenye waya mmoja wa zamani, ambao fundi aliyekuwa akifunga mitambo mipya hakuukata wala kuufunika kama ilivyopaswa. Fundi huyo hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa mtu wa bidii, na bidii yake ndiyo iliyomponza: katika majuma 13 yaliyotangulia alikuwa amepata siku moja tu ya kupumzika. Kazi ya ziada isiyokoma ilikuwa imeutia butu ukali wa macho na mikono yake. Waliokuwa juu yake nao hawakuikagua kazi yake ipasavyo. Baada ya ripoti ile kutolewa mwaka 1989, mipaka ya saa iliwekwa kwa wafanyakazi wa reli wanaoshika kazi za usalama: zamu isizidi saa 12, na mtu apate saa 12 za kupumzika kabla ya kurudi kazini.

Majeshi hayakusalimika. Usiku wa tarehe 17 Juni 2017, yapata saa saba na nusu, manowari ya Marekani iitwayo USS Fitzgerald iligongana na meli ya mizigo karibu na pwani ya Japani, na mabaharia 7 wakafa ndani ya vyumba vyao vya kulala. Miezi miwili baadaye, alfajiri ya tarehe 21 Agosti, manowari nyingine, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakapoteza maisha. Meli zote mbili zilikuwa na mitambo ya thamani kubwa ya kuona mbali gizani. Uchunguzi ulionyesha makosa mengi ya mafunzo na ya uongozi, na uchovu wa watu ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka huo huo ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani ilieleza kwamba baadhi ya mabaharia walikuwa wakifanya kazi zaidi ya saa 100 kwa juma. Jeshi hilo la majini likalazimika kupanga upya zamu zake ili zifuate mwendo wa asili wa mwili, mtu apate kulala saa zile zile kila siku.

Mitambo haikuchoka. Macho yaliyoitazama ndiyo yaliyochoka.

MWILI UNAVYODAI DENI LAKE

Usingizi ni deni ambalo mwili hausamehi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi katika kila saa 24. Akipewa 4 leo na 4 kesho, mwili huandika upungufu huo, na siku ya kulipa hauchagui mahali: huenda ikawa kitandani, huenda ikawa nyuma ya usukani wa lori lililobeba wenzake 30.

Mwaka 1997 wataalamu nchini Australia waliwapima watu waliokaa macho muda mrefu, wakawalinganisha na watu waliokunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hutenda polepole na kwa makosa sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi humzuia mtu kuendesha gari. Akikesha saa 24, huwa kama mwenye asilimia 0.10. Kila askari anajua kwamba hawezi kufika lindoni akinuka pombe, kwa kuwa atavuliwa silaha papo hapo. Lakini anayefika lindoni baada ya kukesha siku nzima akifanya shughuli zake hupewa bunduki yenye risasi na kusifiwa kwa ukakamavu.

Madhara ya muda mrefu huja kimya kimya. Mnamo Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu ya pamoja. Katika mwaka 2016 pekee, watu wapatao 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Wakilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40, watu hao walikuwa na hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 17. Wengi wa waliokufa walikuwa wanaume, na wengi walikuwa wazee wa miaka 60 na kuendelea. Hapa ndipo penye hila ya ugonjwa huu. Kijana wa miaka 30 anayejivuna kwamba halali haoni kitu. Mkopo wake utadaiwa siku atakapokuwa na pensheni mkononi na wajukuu magotini.

Wajapani walilazimika kubuni neno kwa ajili ya jambo hili. Husema karoshi, maana yake kifo kitokanacho na kazi nyingi. Mwaka 2014 bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya kuzuia vifo hivyo, na tangu Aprili 2019 sheria nyingine imeweka mipaka ya saa za ziada. Taifa linalosifiwa kwa bidii duniani kote limekiri kwamba bidii nayo ina mpaka.

Dalili zinajulikana, na mara nyingi mke ndiye wa kwanza kuziona. Mume husahau alichotumwa. Hukasirika kwa jambo dogo, kisha hujuta. Hulalamika kichwa na mgongo. Chakula hukiona hakina ladha. Hata anapopata nafasi ya kulala, usingizi hukataa, naye huutafuta katika chupa. Pombe humlaza mtu upesi, ni kweli, lakini usingizi wake ni wa mapande mapande, na huamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Wengine hutegemea kahawa. Kikombe kimoja mwanzoni mwa zamu kina faida, lakini baada ya saa 5 hivi nusu ya nguvu yake bado imo mwilini, kwa hiyo kinachonywewa mwishoni mwa zamu humnyima mtu usingizi wa asubuhi aliousubiri usiku kucha.

SHERIA INASEMAJE

Katika Uganda, Katiba ya mwaka 1995 imetambua kwamba mfanyakazi anastahili kupumzika, kuwa na saa za kazi zenye kiasi, na kupata likizo yenye malipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeeleza zaidi. Saa za kawaida za kazi zisizidi 48 kwa juma. Mtu asifanye kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila kupata saa 24 za mapumziko. Kwa kila miezi minne ya kazi anapata siku 7 za likizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Mama anayejifungua hupewa siku 60 za kazi, na baba wa mtoto siku 4.

Askari wa jeshi la ulinzi hawamo ndani ya sheria hiyo, isipokuwa raia walioajiriwa na jeshi. Polisi nao wana sheria na kanuni za jeshi lao. Jambo hili lina sababu yake. Adui hangoji Jumatatu, na mwizi hapigi hodi mchana. Wakati wa hatari, askari hawezi kuangalia saa na kusema muda wake umekwisha. Kila aliyeapa anafahamu hivyo, na kila aliyeolewa na askari amejifunza hivyo.

Lakini kutokuwamo katika sheria ya saa hakumaanishi kwamba mwili wa askari umeumbwa kwa chuma. Damu yake ni ile ile ya mwashi na ya fundi wa reli. Kwa hiyo kile ambacho kwa raia hulindwa na sheria, kwa askari hulindwa na hekima: hekima ya mkuu wake, ya nyumba yake na yake mwenyewe. Ni lazima pia kutofautisha siku ya hatari na siku ya kawaida. Mkesha wa operesheni ni wajibu. Mkesha wa kila siku, uliozoeleka kwa sababu orodha ya zamu haikupangwa vizuri au kwa sababu mtu ameongeza biashara ya usiku juu ya kazi ya mchana, ni uharibifu wa mali ya taifa.

WAJIBU WA MWENYE CHEO

Sajenti anayeandika orodha ya zamu ameshika afya ya watu wengi kwa kalamu moja. Mtu aliyelinda usiku asiitwe kwenye gwaride la asubuhi, kisha mchana akatumwa kufyeka majani. Zamu zisibadilishwe leo usiku, kesho mchana, keshokutwa usiku, maana mwili una saa yake ya ndani, nayo huhitaji siku kadhaa kuzoea mabadiliko. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za viumbe. Wala mzigo wa usiku usibebwe daima na wale wasio na wa kuwasemea.

Dereva apewe nafasi ya kulala kabla ya safari ndefu, na asilazimishwe kuonyesha ushujaa njiani. Anayesinzia usukanini hatasaidiwa na muziki wala upepo wa dirishani. Dawa ni kusimamisha gari mahali pa salama na kulala, au kumpa mwenzake usukani. Hata usingizi mfupi wa dakika 20 au 30 huurudishia ubongo nguvu kwa muda. Jeshi la nchi kavu la Marekani, katika kitabu chake cha mafunzo ya afya cha mwaka 2020, limeuweka usingizi pamoja na mazoezi na chakula kama sehemu ya utayari wa askari, na limeruhusu usingizi mfupi mchana pale ambapo ule wa usiku hautoshi. Usingizi unastahili kuhesabiwa kama risasi na maji: kamanda asiyejua watu wake wana kiasi gani hajui ana jeshi gani.

Mkuu mwenyewe naye ni mtu. Afisa anayekesha ofisini kila siku ili aonekane hachoki huwafundisha walio chini yake kwamba kupumzika ni aibu. Akienda likizo yake kwa wakati na kumwachia msaidizi wake kazi, amewapa wote ruhusa ya kuishi.

NDANI YA NYUMBA

Nyumba ya askari nayo inahitaji orodha yake ya zamu. Mume na mke wakae pamoja siku orodha ya kituo inapotolewa, waitazame kama wanavyotazama kalenda ya shule. Siku za usiku zijulikane, siku ya mapumziko ijulikane, na mambo mazito kama ada, deni au ugomvi wa ndugu yasubiri siku ambayo baba amelala. Shauri linaloletwa mbele ya mtu aliyekesha ni kesi iliyokwisha kushindwa.

Anayelinda usiku atengewe mahali pa kulala mchana. Nyumba nyingi za kambini ni chumba kimoja au viwili, lakini kitenge kizito dirishani hulipunguza jua, na watoto wanaweza kuelezwa wacheze upande wa pili. Jirani akiombwa kwa heshima hupunguza redio. Simu iwekwe mbali na kitanda, na mke apewe jukumu la kuipokea na kutambua kama ni wito wa kazi au ni mazungumzo. Kabla ya kulala, chakula kiwe chepesi: uji au chai na ndizi vinafaa kuliko sahani ya posho na maharage inayomlemea mtu tumboni.

Yafaa pia kuwe na desturi ya kupokeana. Nusu saa ya kwanza baada ya kurudi iwe ya kuoga, kubadili nguo na kunywa kitu, bila maswali. Lakini desturi hiyo ina upande wa pili, ambao wanaume wengi huusahau.

"Baba watoto, nimekuachia nusu saa yako," mke anaweza kusema. "Sasa nusu saa inayofuata ni ya watoto."

"Mama watoto, nimechoka."

"Najua umechoka. Keti tu. Wao watakuja wenyewe."

Katika maneno hayo machache mna hekima kubwa. Mtoto hahitaji baba asiyechoka. Anahitaji baba aliyeketi, anayetazama daftari lake na kumsikiliza akieleza nani alimpiga nani shuleni.

KAZI YA MAMA HAINA LIKIZO

Haifai kuzungumza juu ya kazi nyingi bila kumtazama yule aliyewasha sigiri alfajiri. Mke wa askari huamka kabla ya wote. Huchota maji, hupika, huosha, huwapeleka watoto shule, huenda sokoni au shambani, hurudi kupika tena, na usiku hulala sikio moja likiwa wazi kwa ajili ya mtoto mchanga. Mume anapohamishwa kwenda mbali, huongezewa kazi za mume. Wengi ni askari wenyewe, na wanapovua sare jioni huanza zamu ya pili ambayo haikuandikwa popote wala haina posho.

Dalili zilizotajwa za uchovu humpata yeye pia, lakini hakuna kamanda wa kumpa ruhusa. Kwa hiyo ruhusa hiyo itoke kwa mume na kwa watoto. Mvulana wa miaka 10 anaweza kuosha vyombo na kuteka maji sawa na dada yake, wala uanaume wake hautapungua. Mume aliye katika siku yake ya mapumziko anaweza kuwasimamia watoto nusu siku ili mke alale, aende kanisani au msikitini, au amtembelee shoga yake. Jeshini kila askari hujifunza kutandika kitanda, kufua sare na kupiga pasi. Ni ajabu kwamba ujuzi huo hupotea mara anapovuka kizingiti cha nyumba yake.

TAMAA, DENI NA SIKU YA KUPUMZIKA

Kuna kazi nyingi ambayo haitoki kwa mkuu wala kwa taifa. Hutoka kwenye deni. Mtu hukopa kwa ajili ya harusi, kisha hukopa kulipa mkopo wa harusi, mwisho huendesha pikipiki ya abiria usiku kucha na asubuhi husimama kwenye gwaride akiyumba. Si kosa kutafuta riziki ya halali, na wengi wamesomesha watoto kwa njia hiyo. Lakini fedha inayopatikana kwa kuuza usingizi mara nyingi huishia kwenye dawa. Kabla ya kuongeza kazi ya tatu, mume na mke waandike matumizi yao ya mwezi kwenye karatasi na kuyatazama kwa ukweli. Huenda wakagundua kwamba kinachohitajika ni kupunguza tundu la mfuko kuliko kuongeza maji ya kumimina.

Siku moja katika juma ni urithi wa kale. Waislamu wana Ijumaa yao ya kukusanyika, Wasabato wana Jumamosi, na Wakristo wengine wana Jumapili. Mababu nao walikuwa na siku ambazo jembe halikugusa ardhi. Wote hao walifahamu bila takwimu yale yaliyoonekana katika viwanda vya makombora. Askari ambaye siku yake huangukia Jumatano aitunze Jumatano hiyo kama wengine wanavyotunza Jumapili. Na likizo ya mwaka ikifika aichukue, aende nyumbani kwao, awasalimu wazee na alale chini ya mwembe. Anayejisifu kwamba hajachukua likizo miaka mitano hana budi kujiuliza kama watoto wake nao wanajivunia jambo hilo.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, walisema wahenga. Taifa linahitaji walinzi wenye macho makali usiku, madereva wenye mikono imara, na wazee wastaafu wenye afya ya kuwasimulia vijana waliyoyaona. Hao wote huandaliwa nyumbani, katika chumba chenye kitenge dirishani, ambamo mtu amepewa nafasi ya kulala.

Na asubuhi nyingine, saa ile ile ya zamu kubadilishana, baba ataingia tena na kuweka kofia juu ya meza. Mtoto atamkimbilia. Mwili wake ukiwa umelipwa deni lake, hatakuwa na haja ya kumwambia amwache kwanza. Atainama na kumbeba.